Saa inayotembea kwenye slaidi zinazojizungusha zenyewe, naomba msaada

kiti_cha_mbele:
Wakuu habari zenu, naomba msaada kwenye hili maana nimehangaika nalo siku tatu na bado niko palepale.

Mimi ndo nasimamia skrini kubwa ya mlangoni kwenye ukumbi wa mikutano, ile ambayo watu wakiingia wanaangalia ratiba na chumba cha kwenda. Nimeitengeneza kwa PowerPoint, slaidi 9, nane zinakaa sekunde 20 kila moja na ile ya ratiba inakaa dakika 4 maana ina maandishi mengi na watu huwa wanaipiga picha, zikiisha zinaanza upya zenyewe mpaka jioni bila mtu kugusa kitu. Hiyo sehemu haina shida kabisa, nimeseti muda wa kila slaidi kule kwenye 'Transitions', nikaenda 'Set Up Slide Show' nikachagua 'Browsed at a kiosk', inazunguka vizuri.

Shida ni saa. Nimeweka kwa 'Insert' alafu 'Date & Time', nikatiki 'Update automatically', saa ikatokea pale chini kulia nikajua nimemaliza kazi. Kumbe bado. Juzi slaidi ya ratiba ilipanda saa 14:57, na kipindi kinaanza 15:00. Watu wamesimama na vikombe vyao mbele ya skrini, wanasoma 14:57, wanaendelea na stori zao. Nikaangalia saa ya mkononi nakuta 15:00 imeshapita, nikiangalia skrini bado 14:57! Ikakaa hivohivo mpaka slaidi ilipobadilika ndo ikaruka moja kwa moja kwenda 15:01. Ndani mtoa mada alishaanza kuongea na nusu ya viti vitupu, mzee wa watu ametoka safari ndefu kuja kuongea dakika 20 tu. Iliniuma sana kwa kweli, kwa sababu wale watu hawakuwa na makosa, wao waliiamini saa niliyowawekea mimi.

Sasa swali langu, kuna namna ya kuweka saa inayotembea kweli, dakika kwa dakika, huku slaidi zinaendelea kuzunguka na hakuna mtu wa kukaa pembeni kubofya? Kompyuta ni ya Windows, na intaneti ya pale inakatika katika kwaiyo nisingependa kitu kinachoitegemea.

nukta_mbili:
Mkuu ukienda palepale kwenye 'Date & Time' kuna fomati nyingi, chagua ile yenye sekunde, mimi naona itakuwa inajisasisha yenyewe

kiti_cha_mbele:
Nilijaribu ndugu, ikawa mbaya zaidi. Ikaandika 14:57:08 na hiyo 08 ikaganda dakika nne nzima, mtu akiona sekunde hazitembei anajua mashine imekwama kabisa, wengine wakaanza kuniita nije kuiwasha upya.

karani_wa_slaidi:
Ngoja nikueleze kinachotokea hapo, maana ukishakielewa utaacha kuhangaika na hizo fomati.

Kile PowerPoint inachokuwekea sio saa, ni mhuri. Slaidi inapopanda kwenye skrini programu inaangalia saa ya kompyuta mara moja tu, inaigonga pale chini, basi, haiangalii tena mpaka slaidi nyingine ipande au hiyohiyo irudi kwenye mzunguko. Hilo neno 'automatically' linawachanganya watu wengi, maana yake ni kwamba kila slaidi ikifunguliwa inachukua muda mpya badala ya kubaki na ule uliouandika siku ya kutengeneza. Kwaiyo kwenye slaidi zako za sekunde 20 hukuona tatizo, kwa sababu kosa haliwezi kuzidi sekunde 20, lakini kwenye ya dakika 4 kosa linafika dakika 4. LibreOffice Impress nayo ukiweka ile fildi ya muda mambo ni yaleyale, kwaiyo kuhama programu hakutakusaidia.

Kama unataka dawa ya haraka ya leo jioni kabla hujapata ya kudumu, kata slaidi ya ratiba vipande. Yaani iduplike mpaka ziwe nakala 8, kila nakala ikae sekunde 30, na transisheni weka 'None' ili jicho lisione kitu kinabadilika. Jumla inabaki dakika 4 zilezile lakini mhuri unagongwa kila nusu dakika, na hapo tumia fomati isiyo na sekunde. Hakuna mtu atakayegundua. Ubaya wake ni kwamba ratiba ikibadilika inabidi ubadilishe nakala zote nane, na ukisahau moja ndo utajuta, kwaiyo ukiedit futa zile saba uduplike upya, usijaribu kurekebisha moja moja.

babu_makro:
Kuna njia ya makro pia, yaani programu fupi unayoiandika ndani ya faili lenyewe, mimi niliitumia muda mrefu tu. Unaweka kiboksi cha maandishi, unakipa jina 'Saa', alafu unaandika skripti ya VBA, ile lugha ya makro za Ofisi, inayozunguka na kuandika muda mpya humo kila sekunde mpaka shoo ifungwe. Inatembea kweli kweli, sekunde unaziona.

Ila nisiwe mchoyo wa ukweli, ina mitihani yake. Wa kwanza, PowerPoint haina ile amri ya OnTime ambayo Excel na Word wanayo, ya kusema 'niamshe baada ya sekunde moja'. Kwaiyo watu wanaandika lupu isiyoisha na kuweka DoEvents katikati ili programu ipate kupumua, na hiyo lupu inakula prosesa muda wote, feni ya laptopu utaisikia inavuma kama inataka kupaa, na wakati mwingine slaidi zinachelewa kubadilika kwa sababu programu iko bize na saa yako. Kuna wanaotumia taima ya Windows yenyewe kupitia SetTimer, hiyo ni nyepesi, lakini ukikosea herufi moja PowerPoint nzima inazimika bila kuaga, na kwenye Ofisi ya biti 64 inabidi ujue kuongeza maneno ya PtrSafe na LongPtr kwenye skripti la sivyo haiwaki kabisa.

Wa pili, faili lazima ulisevu kama pptm, yaani aina ya faili la PowerPoint inayobeba makro, na tangu 2022 Microsoft wanazuia makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti, kwaiyo ukijitumia kwa imeli alafu ukalifungua kwenye kompyuta ya ukumbini linaweza kufunguka vizuri tu ila makro zimefungwa na saa haipo. Hapo unalibofya kulia kabla ya kulifungua, unaenda 'Properties', unatiki 'Unblock'.

Wa tatu ndo ulionifanya niache. PowerPoint haiwashi makro yenyewe ukifungua presentesheni, lazima mtu abofye kitu. Umeme ukikatika ukarudi, slaidi zinaweza kuwashwa na mtu yeyote wa zamu, ila saa haitawaka mpaka uje wewe unayejua kitufe kiko wapi. Wewe umesema hakuna mtu wa kukaa pale, kwaiyo kwa hali yako mimi nisingekushauri.

tandabui:
Niliona mahali wanasema unapakua saa ya Flash, lile faili la swf, unalichomeka kwenye slaidi na linatembea lenyewe bila makro

babu_makro:
@tandabui hiyo ilikuwa kweli zamani na ilikuwa inapendeza sana, ila Adobe waliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 wakazuia kabisa isicheze. Maelekezo yake bado yamejaa mtandaoni, watu wanayafuata wanapata kiboksi cheupe. Usimpotezee mwenzio muda.

mlinzi_wa_skrini:
Nimesoma yote, naona sote tunajaribu kuiingiza saa ndani ya slaidi wakati slaidi zenyewe ndo hazitaki. Mimi nilihangaika hivohivo mpaka siku nilipojiuliza, hivi kwani lazima saa iwe ndani? Iweke juu. Slaidi zizunguke zinavyotaka huko chini, saa ikae juu yake kama kioo juu ya picha, kila mmoja na maisha yake.

Kuna njia mbili za kufanya hivyo.

Ya kwanza ni nyepesi, unaweka programu ndogo ya saa ya mezani inayoweza kukaa juu ya madirisha yote. Mimi nilitumia Rainmeter, ni ya bure, unachagua skini ya saa, unaibofya kulia kwenye sehemu ya pozisheni unaiambia 'Stay topmost', basi unawasha PowerPoint na saa inabaki pale juu ya slaidi. Haihitaji intaneti. PowerPoint wala haijui kama kuna saa.

Ya pili ndo ninayoitumia mpaka leo na ndo ninayokushauri, kwa sababu hata PowerPoint yenyewe haihitajiki kwenye kompyuta ya ukumbini. Nenda 'File', 'Export', 'Create a Video', chagua 1080p na umwambie atumie muda ulioseti. Inakutolea video ya mp4 yenye slaidi zako zote pamoja na animesheni na transisheni. Hesabu ya kwako ni nane mara 20 jumlisha 240, sekunde 400, yaani video ya dakika 6 na sekunde 40 hivi. Hiyo video kwenye kompyuta iite ratiba.mp4, iweke kwenye folda moja na faili utakalolitengeneza kwa Notepad uliite skrini.html, ndani uandike hivi:

<body style="margin:0;background:black">
<video src="ratiba.mp4" autoplay muted loop style="width:100vw;height:100vh"></video>
<div id="saa" style="position:fixed;right:3vw;bottom:3vh;font:bold 6vw monospace;color:white"></div>
<script>
function onyesha() {
  var sasa = new Date();
  document.getElementById("saa").textContent = sasa.toTimeString().slice(0,8);
  setTimeout(onyesha, 1000 - sasa.getMilliseconds());
}
onyesha();
</script>
</body>

Lifungue kwa brauza yoyote, bonyeza F11 likae skrini nzima, umemaliza. Hakuna intaneti inayohitajika, kila kitu kiko kwenye folda.

Sasa nikufafanulie vitu viwili humo ili usije ukavifuta. Hilo neno muted liache hata kama video yako haina sauti, brauza za siku hizi zinakataa kuchezesha video yenyewe kama haijanyamazishwa, utakuta picha imesimama na hujui kwa nini. Na pale mwishoni nimeandika 1000 toa milisekunde, badala ya kusema tu kila baada ya sekunde 1. Watu wengi wanaandika saa inayohesabu, inaanza na muda fulani alafu inajiongezea moja moja, na kompyuta ikiwa bize kidogo inachelewa kuongeza, jioni unakuta imebaki nyuma. Hii haihesabu kitu, kila sekunde inaenda kuiuliza kompyuta 'saa hizi saa ngapi', inaandika jibu, alafu inalala mpaka mwanzo wa sekunde inayofuata. Hata ikichelewa mara moja, mara inayofuata imeshajirekebisha.

kiti_cha_mbele:
Mlinzi Mungu akubariki, nimejaribu nyumbani kwenye laptopu yangu na inatembea! Nimekaa naiangalia slaidi ya ratiba dakika zote nne kama mtoto anaangalia katuni, saa inapita tu pale chini. Nina maswali mawili. Sitaki sekunde, zinawasumbua watu macho, natoaje? Na ratiba ikibadilika katikati ya siku nafanyaje, maana huwa inabadilika sana.

mlinzi_wa_skrini:
Sekunde, pale penye slice(0,8) andika slice(0,5), zinaondoka. Ila nakushauri ujaribu kuziacha siku moja uone, kwa sababu sekunde zinazotembea zinamwambia mtu kwamba skrini iko hai na anaweza kuiamini. Kama zinasumbua kwa kutikisika, yaani namba zinacheza kushoto kulia, hiyo inatokana na herufi, kwenye baadhi ya fonti 1 ni nyembamba kuliko 8 kwaiyo muda ukibadilika maandishi yote yanasogea. Ndo maana nimeweka monospace, humo kila tarakimu ina upana mmoja.

Ratiba ikibadilika inabidi utoe video upya, hilo halikwepeki kwa njia hii. Unarekebisha kwenye PowerPoint, unaexport, unaweka juu ya ile ya zamani kwa jina lilelile, alafu kwenye skrini unabonyeza F5. Windows ikikataa kuandika juu yake kwa sababu inachezwa, funga brauza kwanza. Kama mabadiliko yako ni ya kila saa basi tumia ile ya kwanza ya Rainmeter, PowerPoint ibaki ilivyo.

dada_projekta:
Samahani naingilia, mimi natumia Google Slides na sio PowerPoint, hii inanifaa?

mlinzi_wa_skrini:
Inakufaa dada. Wewe badala ya video unafanya 'Publish to web', unachukua ile ya 'Embed', unaseti ijiendeshe yenyewe na ianze upya ikifika mwisho, alafu ile iframe wanayokupa, yaani kile kipande cha kodi, unaiweka mahali pa mstari wa video kwenye faili hilohilo. Kwenye anwani yake utaona loop=true na delayms ambayo ni muda wa kila slaidi kwa milisekunde, 20000 ni sekunde 20. Ubaya ni kwamba muda ni mmoja kwa slaidi zote, na intaneti inahitajika. Uzuri ni kwamba ukirekebisha slaidi ukiwa popote, huhitaji kutoa video tena.

fundi_betri:
Mmeongea vizuri sana ila kuna kitu hakuna aliyekigusa na mimi kwangu ndo cha kwanza. Saa yote hiyo inaiuliza kompyuta, sasa na kompyuta yenyewe nani anaiuliza?

Ndani ya kompyuta kuna kijiwe cha kwatsi kinachopiga mapigo 32,768 kwa sekunde, na kijiwe cha kawaida kinakosea kidogo, ukichukua sehemu 20 kwa milioni unapata kama sekunde 1.7 kwa siku, mwezi ukiisha karibu dakika nzima. Kompyuta yenye intaneti inajirekebisha yenyewe kwa kuuliza seva za muda, ila wewe kiti umesema intaneti ya pale inakatika. Mashine ikikaa wiki kadhaa bila kuuliza, utakuwa na saa inayotembea vizuri sana na inayosema uongo, na hiyo ni mbaya kuliko iliyoganda kwa sababu iliyoganda angalau mtu akiitazama kidogo anaigundua.

Kwaiyo kila asubuhi kabla hujafungua milango, iunge hata kwa hotspoti ya simu dakika moja, nenda kwenye setingi za 'Date & time' ubonyeze 'Sync now', alafu ulinganishe na simu yako kwa macho. Na kama ukizima kompyuta na kuchomoa waya unakuta imerudi kwenye mwaka wa zamani, ile betri ya sarafu kwenye ubao imekwisha, mara nyingi ni CR2032, kuibadilisha ni kazi ya dakika chache. Wanaotumia Raspberry Pi, zile kompyuta ndogo za ubao mmoja, wawe makini zaidi, mpaka Pi 4 hazina kabisa saa ya betri, ukiziwasha bila intaneti hazijui ni saa ngapi.

kiti_cha_mbele:
Fundi hapo umenigusa, leo asubuhi nimelinganisha nikakuta kompyuta ya ukumbini iko nyuma sekunde 50 na hakuna aliyekuwa anajua. Nimeisync, iko sawa.

Mrejesho wangu wakuu, nimeenda na njia ya video na html, sekunde nimeziacha kama Mlinzi alivyosema. Nimeondoa ile saa ya zamani ya 'Date & Time' kwenye slaidi zote kabla ya kutoa video, nawaambia na wengine mkumbuke hilo, maana mara ya kwanza nilisahau zikatokea saa mbili, moja inatembea na nyingine imegandia muda wa jana niliotoa video, na ile ya jana ndo ilikuwa na maandishi makubwa. Nimezima 'sleep' na ile skrini seva ya Windows, na shortcut ya brauza nimeiandikia --kiosk mwishoni pamoja na njia ya faili, nikaitupia kwenye folda ya 'Startup' ili umeme ukikatika ukarudi ikishaingia Windows inajifungulia yenyewe skrini nzima. Nimechomoa waya mara mbili kuijaribu, imerudi mara zote mbili.

Kipindi cha saa 9 alasiri leo nilisimama palepale pembeni. Ilipofika 14:58 kuna mama mmoja akainua macho, akaangalia, akamgusa mwenzie bega wakaanza kutembea kuingia ndani, na wengine wakafuata.

dada_projekta:
Hongera sana kaka. Mimi nilikuwa na swali la mwisho, saa ikikaa kona moja hiyohiyo siku nzima kila siku, skrini haiachi alama?

fundi_betri:
Inaweza, hasa zile za OLED. Kiti ukiweza fanya iwe inahama, kwenye ile skripti weka kwamba saa ikiwa shufwa ikae kulia na ikiwa witiri ikae kushoto, na rangi badala ya nyeupe kabisa tumia ya kijivu kilichopauka, #cccccc inatosha kusomeka toka mbali.